Moshi wa Siku za Wali

7 Aprili

Masika yameanza kweli leo. Mvua imepiga bati tangu alfajiri, na ua wetu hapa Kibiti umegeuka kidimbwi. Nimekaa barazani na daftari jipya mapajani, na nina hasira.

Nilifundisha fizikia sekondari mpaka nikastaafu, na kila kidato nilikiambia neno moja: kitu kikikushinda, andika ulichokiona kabla hujaanza kulaumu. Sasa kimenishinda kitu. Ni jiko. Basi nitaandika nilichokiona, ingawa kulaumu nako nitalaumu.

Mke wangu Salima ana kifua. Alizaliwa Mbwera, huko delta ya Rufiji, akapikia kuni za mkandaa, mti wa jamii ya mikoko, tangu alipoweza kuchochea moto, na alipoolewa huku akaendelea na kuni na mkaa. Mwezi uliopita daktari alimsikiliza mgongo kwa muda mrefu, kisha akaniambia mimi, kama vile Salima hayupo: "Mzee, mama huyu asivute moshi tena. Sisemi apunguze. Asivute kabisa." Binti yetu Rukaiya, aliyekuwa amekuja kutoka Dar es Salaam kutusindikiza, akamalizia palepale kwenye korido: "Basi Mama anakuja kukaa kwangu Mbagala. Mimi napikia gesi."

Tulirudi nyumbani na Salima. Akavua viatu, akaketi, akasema: "Nikakae Mbagala, nimtazame nani?"

Mtungi wa gesi Salima hautaki humu ndani. Mjomba wake wa Ikwiriri aliunguzwa na mtungi uliokuwa ukivuja, na Salima ndiye aliyekuwa akimpaka dawa. Nimemweleza jinsi valvu inavyofanya kazi. Ameelewa, na bado hautaki.

Tukakubaliana hivi: tutajaribu jiko la peleti. Rukaiya ametoa muda mpaka Idi Kubwa. Kama jiko litatoa moshi, anamchukua mama yake. Ameshaacha hata begi la safari, jipya, la plastiki nzito, lenye zipu nzuri. Limewekwa miguuni pa kitanda. Kila nikilala naliona, kila nikiamka naliona.

8 Aprili

Nieleze jiko lenyewe, maana nisipoeleza hasira yangu haitaeleweka.

Ni kopo refu la bati lenye kuta mbili. Ndani yake unajaza peleti, yaani pumba za mpunga zilizoshindiliwa na mashine zikawa vijiti vifupi, vinene kama kidole cha mtoto. Zinatengenezwa Ikwiriri, ambako vinu vya kukoboa vilikuwa vinamwaga pumba milima kwa milima na kuzichoma bure. Chini ya jiko kuna feni ndogo inayotumia betri, na betri inachajiwa na paneli ya sola. Pembeni kuna kitufe cha kuzungusha, cha kuongeza na kupunguza feni.

Watu wengi hawajui kwamba jiko hili linawashwa juu, si chini. Unaweka makumbi ya nazi juu ya peleti, unawasha, na moto unashuka taratibu kama mshumaa. Peleti za chini zikipata joto hutoa gesi. Gesi hiyo hupanda, ikapita kwenye makaa ya juu, ikakutana na hewa itokayo kwenye matundu ya ukingoni, ikawaka. Kwa hiyo moshi ni gesi iliyokosa kuwaka, yaani chakula cha moto kilichotoroka bila kuliwa.

Jiko likitoa moshi, kuna mtu amekosea. Nataka kujua ni nani.

10 Aprili

Wakala wa mradi uliotuletea jiko amekuja. Anaitwa Saadi, kijana wa miaka thelathini hivi, mwenyeji wa Mkongo, ana pikipiki na fulana ya mradi. Nikamwambia jiko linatoa moshi mzito mchana. Akazungusha kitufe mpaka mwisho. Feni ikalia kama nyuki, ndimi za moto zikapanda mpaka shingoni mwa sufuria.

"Hewa nyingi, moshi hakuna, Mwalimu," akasema. "Wewe acha hapo hapo mpaka mwisho."

"Kila chakula?"

"Kila chakula. Mwongozo unasema hivyo."

Nikamuuliza mwongozo uliandikwa na nani. Akasema ulikuja na majiko.

11 Aprili

Ijumaa. Wali wa nazi na kamba. Nimerudi msikitini nikakuta banda letu la kupikia nje limejaa moshi mpaka kenchi hazionekani. Salima amekohoa hadi Alasiri.

14 Aprili

Leo nimepata kosa la kwanza, na si letu.

Nilichukua peleti mbili. Moja ilitoka kwenye mfuko uliofunguliwa wiki iliyopita, nyingine kwenye mfuko ambao haujafunguliwa. Ile mpya nilipoivunja ilikatika kwa mlio mkavu. Ile ya zamani ilipinda kidogo kisha ikamomonyoka vidoleni kama biskuti iliyokaa nje. Imekunywa unyevu. Pumba hunyonya maji ya hewani hata kama hakuna tone lililoanguka juu yake, na masika hewa yetu imejaa maji. Peleti mbichi hutumia nguvu ya moto kukausha maji kwanza, moto unapoa, gesi inatoroka bila kuwaka.

Mifuko waliyotupatia ni ya karatasi! Mtu amekaa mahali pakavu, akaamua kwamba watu wa Rufiji watahifadhi pumba kwenye karatasi wakati wa masika. Nimezunguka uani nikiongea peke yangu mpaka Ummy akatoka kuniangalia. Ummy ni binti wa marehemu mdogo wangu. Amekaa nasi tangu kifua cha Salima kilipoanza, na ndiye anayepika.

"Ba' mkubwa, unamsema nani?"

"Aliyeleta mfuko wa karatasi."

"Haya," akasema, akarudi kufua.

Nimehamishia peleti kwenye ndoo mbili zenye mifuniko. Mmoja una ufa. Za kesho nazianika kwenye bati juu ya jiko likiwa linapoa.

16 Aprili

Chai na ugali bila moshi. Nimemwambia Salima: "Unaona?" Akasema anaona.

17 Aprili

Wali. Moshi.

20 Aprili

Kosa la pili, na hili ni la Saadi.

Niligeuza jiko kumwaga majivu. Majivu hayakutoka. Nikachokonoa kwa msumari, vikatoka vigae, vigumu, vinang'aa upande mmoja kama chupa iliyoyeyuka. Pumba za mpunga zina madini yaleyale yanayopatikana kwenye mchanga. Moto ukizidi ukali, majivu huyeyuka yakashikana, yakaziba matundu ya chini. Matundu yakiziba, feni inapuliza ukuta. Na moto umezidi ukali kwa sababu kijana aliniambia nifungue feni mpaka mwisho!

Nimesafisha matundu yote, ya chini kwa msumari na ya ukingoni kwa njiti ya ufagio, maana nayo yalikuwa na masizi. Kisha nimewasha, nikaacha feni juu mpaka makumbi yakashika, halafu nikaipunguza kidogo kidogo huku nikitazama. Feni ikiwa juu sana, moto ni wa njano, unaruka, unalia, mwingine unapanda ubavuni mwa sufuria bure. Ikiwa chini sana, ndimi zinalegea na moshi mweupe unaanza. Katikati kuna mahali ambapo moto unatulia, unaota kwenye yale matundu ya ukingoni kama maua, na rangi yake inaelekea bluu. Nimeweka alama hapo kwa rangi ya kucha ya Ummy, kwa ruhusa yake.

Salima amesimama mlangoni, mbali kama alivyoagizwa, akatazama moto. "Mzuri," akasema. Nimefurahi kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu.

21 Aprili. Maharage. Hakuna moshi.

22 Aprili. Ugali na mlenda. Hakuna moshi.

23 Aprili. Wali. Moshi.

25 Aprili. Wali. Moshi. Nani ananifanyia mzaha?

28 Aprili

Shemeji yangu Bushiri amekuja kutoka Mbwera kumwona dada yake. Boti ilimleta mpaka Nyamisati, akapanda bodaboda kwenye tope, akafika akiwa na matope mpaka kwenye kope na ndoo ya kaa. Akaliona jiko na waya wake wa sola.

"Shemeji, hili jiko au redio?"

"Jiko."

"Linashika stesheni gani?"

Ummy alicheka mpaka akaweka chini kisu. Salima naye akacheka, kisha kicheko kikageuka kikohozi, na sote tukangoja kiishe. Hakikuisha upesi. Bushiri alimtazama, akaacha mzaha. Alipokuwa akinawa mikono akaniambia kwa sauti ya chini: "Mwalimu, kama mambo yenyewe ndiyo haya, mwache aende kwa mtoto wake. Wewe si daktari."

Mtu amekaa miaka yote akikata mikandaa na kutuuzia kuni, leo ana shauri kuhusu kifua.

Baadaye: nimeandika kwa ukali. Analia kwa ajili ya dada yake, na hana namna nyingine ya kulia. Kauli ya kwamba sijui ninachofanya ndiyo imenichoma, kwa sababu mpaka leo ni kweli.

2 Mei

Rukaiya amepiga simu. Mama yake alimwambia hajambo, akakohoa kabla hajamaliza kusema hajambo. Rukaiya akaomba aongee na mimi.

"Baba, jiko linafanya kazi?"

"Linafanya kazi siku nyingi."

"Siku nyingi si siku zote."

Huyu nilimfundisha mwenyewe kutofautisha.

6 Mei

Saadi amerudi na simu yake kubwa ya kujazia majibu. Nikamwonyesha vigae. Nikamwonyesha peleti iliyomomonyoka. Nikamwonyesha alama ya rangi ya kucha. Alisikiliza, nakiri, kwa adabu. Kisha nikamwambia kuhusu siku za wali, akatikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kusikia kesi hiyo nyumba nyingi.

"Mwalimu, tatizo ni akina mama. Ofisini tumelijadili. Hawafuati maelekezo."

"Maelekezo yapi hawayafuati?"

"Ya matumizi."

"Taja moja."

Akatazama simu. Nikangoja. Nimewahi kungoja majibu darasani mpaka kengele ikalia, sina haraka. Mwisho akasema: "Kwa jumla tu, Mwalimu."

Nilimwambia kwamba mtu anayesema "kwa jumla" hajaona kitu. Nilimwambia kwamba mke wangu amepika chakula tangu yeye Saadi hajazaliwa, na kwamba jiko lisiloweza kupika wali katika wilaya inayolima mpunga limekosea njia, lingepelekwa kwa watu wanaokula mkate. Sauti yangu ilisikika barabarani. Salima akaita kutoka ndani: "Mwalimu! Mpe mgeni maji."

Nikampa maji.

9 Mei

Ijumaa, wali, moshi. Begi bado lipo miguuni pa kitanda. Leo nimeona Salima amelifungua, akawa analipapasa ndani kwa kiganja, kona kwa kona. Nikatoka nisionekane.

13 Mei

Leo nimeona. Nitaandika polepole ili nisiruke kitu.

Desturi yangu ni kwamba maji ya wali yakichemka, adhana ya Adhuhuri inakaribia, nachukua kofia naenda msikitini. Nimefanya hivyo kila siku. Kwa hiyo katika majaribio yangu yote nimeona wali ukibandikwa, na nimeona moshi nikirudi. Katikati sijawahi kuona. Mwanafunzi angeniletea kazi ya namna hiyo ningemrudishia.

Leo mvua ilikuwa ya kuzuia mtu kuuona mkono wake. Nikaswali nyumbani, upesi, nikaenda jikoni. Ummy alikuwa amechutama. Wali ulikuwa umeanza kukauka, tui limekwisha kunywewa. Moto ulikuwa mzuri, wa bluu, kwenye alama. Ummy akanyoosha mkono, akazima feni. Akainua sufuria. Akachukua koleo, akachota makaa yote ya juu, yale mekundu, akayapanga juu ya kifuniko. Akarudisha sufuria jikoni.

Moshi ukatoka chini ya sufuria pande zote, mnene, wa manjano, kama kitu kilichokuwa kimefungiwa.

"Ummy! Unafanya nini?"

Akaruka. "Napalia wali, Ba' mkubwa."

Anapalia wali! Kila mwanamke wa pwani hii anapalia wali. Tui likikauka unapunguza moto wa chini, unaweka makaa juu ya kifuniko, wali unaiva kwa joto la juu na la chini, kila punje inasimama peke yake na nazi inabaki ndani. Nimekula wali wa kupaliwa maisha yangu yote. Mama yangu alipalia. Nilijua kama ninavyojua jina langu, na haikunijia hata siku moja.

Sasa tazama jiko linafanyiwa nini. Moto wake unashuka kutoka juu. Yale makaa ya juu ndiyo yanayochoma gesi inayopanda. Ummy ameyaondoa, na amezima hewa, wakati nusu ya chini ya kopo bado ni peleti ambazo hazijaungua na zina joto kali. Peleti hizo haziwezi kuacha kutoa gesi kwa sababu feni imezimwa. Zinaendelea, ila sasa hakuna wa kuiwasha. Gesi yote inatoka moshi. Kwenye jiko la mkaa ukichota makaa hakuna kinachotokea, maana mkaa umekwisha kutolewa moshi wake tanurini, porini, mbali na pua zetu.

Nikamuuliza Ummy kwa nini hakuniambia siku zote hizi.

"Kukwambia nini?"

"Kwamba unapalia!"

"Ba' mkubwa, hukuuliza. Nani asiyepalia?"

Salima akasema kutoka barazani, na kikohozi kikiwa ndani ya maneno: "Mimi ndiye niliyemwagiza. Ulidhani wali unajipalia wenyewe?"

Hasira yangu leo haina pa kukaa. Waliotengeneza jiko hawakumuuliza mpishi hata mmoja. Saadi hakuuliza. Na mimi nimeishi na wapishi wawili nikapima unyevu, nikapima hewa, nikachora alama, nikaacha kuuliza wali unapikwaje.

14 Mei

Nimekataza kupalia.

Wali umeivia juu ya moto mdogo tu. Chini umeungua, juu una maji. Moshi hakuna. Salima amechukua tonge moja, akalirudisha sahani, akanawa.

15 Mei

Hakula. Amekunywa chai.

16 Mei

Saadi alipita. Nikamweleza kila kitu, akasimama na kofia ya pikipiki mkononi. Kisha akaanza kucheka, na hakuwa akinicheka mimi.

"Mwalimu, hata mama yangu kule Mkongo anapalia. Na jiko lake linatoa moshi hivyo hivyo. Na mimi nimemwambia hafuati maelekezo."

"Ulikuwa unaona akipalia?"

"Naona kila Jumapili. Nakula."

"Na ofisini hukusema?"

"Fomu haina swali la kupalia."

Sikumpigia kelele. Nilikosa haki hiyo tangu siku ile jikoni. Nilimpa kiti, tukakaa tunatazama mvua kama watu wawili waliofeli mtihani mmoja.

18 Mei

Salima amesema leo, na ameshika upande mmoja wa meza akisema, kama afanyavyo pumzi ikiwa fupi.

"Mwalimu, nisikilize. Mnataka nipone. Nashukuru. Lakini nikila wali ule wako wa majimaji, nimebakiwa na nini nyumbani hapa? Kwa Rukaiya nitakula wali wa kupikwa kwenye sufuria la umeme. Na hapa nile mbaya zaidi? Basi nifungie nguo, niende."

Nikasema daktari amesema. Akasema: "Daktari amesema nisivute moshi. Hakusema nisipaliwe wali."

Nilikaa barazani mpaka mvua ikakatika. Maneno yake ya mwisho yalinirudia, nikayageuza kama nilivyokuwa nikiwaambia watoto waligeuze swali gumu. Moshi hautoki kwenye kupalia. Unatoka kwenye kupalia mapema. Peleti zikishaungua zote mpaka chini, zikatoa gesi yao yote, kinachobaki ni makaa matupu, na makaa matupu hayana moshi, sawa na ya mkaa. Ukichota hapo, unachota salama. Kwa hiyo hatupaswi kuacha kupalia. Tunapaswa kujaza jiko peleti za kutosha kuchemsha na kukausha wali, basi, moto ufike chini wakati tui linakauka. Tumekuwa tukilijaza mpaka ukingoni kila siku kwa sababu mwongozo umesema jaza mpaka ukingoni.

Nimemwambia Salima. Amefikiri. "Mchele wa zamani unakunywa maji zaidi," akasema. "Utalipima kwa mchele upi?"

Swali zuri. Tutaanza na huu uliopo.

20 Mei

Ummy ameondoka kwenda Mkongo kumsaidia mama yake kuvuna mpunga. Nimebaki mimi na jiko. Salima anaweka kigoda mlangoni, upande upepo unakotoka, na kutoka hapo ananiongoza kama mwamuzi.

Nusu kopo. Moto umeisha wali bado unaogelea.

22 Mei

Nimeongeza. Nimezidisha. Moshi, kidogo. Salima aliingia ndani na kufunga mlango bila kuambiwa. Nimebaki peke yangu jikoni nikimtukana mtu aliyeandika mwongozo, kwa Kiswahili fasaha.

24 Mei

Robo tatu ya kopo. Tui lilipokauka, ndimi za bluu zikafifia moja moja kwenye matundu mpaka zikaisha, makaa yakabaki mekundu kimya. Nikazima feni. Nikangoja. Moshi haukuja. Nikachota makaa kiasi, nikayaweka kwenye kifuniko.

"Katikati pasiwe na mengi," Salima akasema. "Yasambaze pembeni. Wali unaiva kuanzia pembeni."

Nikayasambaza.

Niandike na jambo moja, maana aibu ya kulisahau ingekuwa kubwa: makaa yasiyo na moshi nayo yana sumu isiyoonekana wala kunuka. Kwa hiyo kupalia ni hapa nje, kwenye banda lililo wazi pande mbili, si ndani ya nyumba hata mvua ikinyesha. Na kuwasha nawashia mwisho wa ua, makumbi yakiisha kutoa moshi wao ndipo nalibeba jiko kwa vishikio vyake vya mbao.

Amekula sahani nzima. Ukoko nao akaomba.

25 Mei. Wali. Hakuna.

27 Mei. Wali. Hakuna. Mvua zinapungua.

29 Mei

Jirani yetu Mwanaidi alikuja kuomba chumvi, akanikuta nimechutama nakuna nazi. Alisahau chumvi. Kufikia Magharibi msikitini watu wawili walikwisha kuniuliza kwa upole kama mke wangu amezidiwa. Nikasema hapana, ananenepa. Wakaniombea dua. Nimekasirika kuliko siku ya vigae. Mwanamke amemeza moshi tangu ujana wake hakuna aliyeomba dua. Mwanamume ameshika mbuzi ya nazi, mtaa mzima una huzuni.

1 Juni

Saadi amekuja na mama yake amempakia kwenye pikipiki, kutoka Mkongo mpaka hapa, waone. Mama yake alinitazama nikipalia, akamgeukia mwanawe: "Umeona? Si mimi, ni kopo." Saadi akasema ataandika ofisini kwamba lisijazwe. Nikamwambia aandike pia kupalia, kwa jina lake. Akasema ataandika hata kama fomu haina nafasi. Kijana huyu si mbaya. Hakuwahi kuambiwa kwamba anachokiona kwao nacho ni elimu.

4 Juni

Rukaiya amefika leo kabla ya Adhuhuri, siku mbili kabla hatujamtegemea, ili atukute tulivyo. Simlaumu, nami ningefanya hivyo.

Alinikuta jikoni na koleo mkononi. Mama yake yuko kwenye kigoda, ameshikilia kwamba makaa ni mengi.

"Shikamoo Baba. Baba! Ndiyo nini hii? Watu wanapita."

"Marahaba. Wapite. Wali haujaiva."

Akasimama katikati ya banda, akainua pua. Akatazama kenchi. Akachutama, akachungulia chini ya sufuria. Akangoja, kwa muda mrefu, kama nilivyomfundisha. Salima akawa anamsimulia habari ya Bushiri na redio, akacheka, na nikajikuta nimeacha kupanga makaa, nasikiliza kicheko, nangoja kigeuke. Hakikugeuka. Kifua hakijapona, na daktari alisema hakitapona. Lakini kicheko kilifika mwisho wake.

Tukala. Rukaiya hakusema neno kuhusu Mbagala wakati wa kula. Baada ya kunawa akasema, taratibu: "Idi ikipita tutaona. Ngoja nikaangalie nguo za Mama hata hivyo." Akaingia chumbani. Nikamsikia analivuta begi. Nikasikia anasita.

"Mama, umeweka nini humu? Mbona zito hivi?"

Akatoka nalo kwa mikono miwili, akalitua barazani, akafungua zipu. Lilikuwa limejaa peleti mpaka juu. Kavu. Rukaiya alichukua moja akaivunja bila kujua kwa nini, na ilikatika kwa mlio ambao ningeutambua usingizini.

"Nguo ziko kabatini," Salima akasema. "Lile begi halipitishi unyevu. Mfuniko wa ndoo ya baba yako una ufa."

Rukaiya alimtazama mama yake, kisha akanitazama mimi. Akafunga zipu mpaka mwisho, akalirudisha chumbani, na nikasikia likiwekwa pale pale miguuni pa kitanda. Alipotoka aliuliza tu kama ukoko umebaki.

Nimekuwa nikisifu ndoo zangu mwezi mzima. Kila asubuhi nachukua peleti kwenye ndoo, nazivunja, zinalia vizuri, najiambia mfuniko unatosha. Kumbe kila alfajiri yeye ndiye aliyekuwa akizijaza kutoka kwenye begi.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

Salima aliendelea kupangusa meza. Sikulirudia swali. Jibu lake nalijua, Ummy alishanipa.